Tumetoka kanisani, tunasali nyumbani familia 5. Mama ananiuliza: nani atakuzika?

Kihamba_Migombani:

Wakuu habari za jumapili. Naandika nikiwa kibarazani hapa Kimara, saa nne asubuhi, majirani wote wameshavaa wanaenda ibada ya pili na mi nina kikombe cha chai ya rangi na chapati ya jana. Miaka mitatu nyuma ungeniambia jumapili muda huu nitakuwa nyumbani ningekuona umechanganyikiwa, maana nilikuwa kwaya, nilikuwa kamati ya ujenzi, na mke wangu alikuwa mtunza hazina wa jumuiya. Tulikuwa washarika hai haswa.

Na ni hilo neno "msharika hai" ndo lilinitoa. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja anauza vitumbua nje ya geti la kanisa, miaka na miaka. Ahadi yake, yaani mchango aliouahidi kanisani, alikuwa anailipa kwa sarafu, anazifunga kwenye kipande cha gazeti ndo anaingiza kwenye bahasha, mpaka wahesabu sadaka walikuwa wanaijua bahasha yake kwa uzito hata kabla ya kuangalia namba. Halafu akapata kiharusi, upande mmoja ukafa, akakaa ndani miaka miwili. Kumtembelea walimtembelea, sitadanganya, mwanzoni. Baadaye wakapungua kama ilivyo.

Alipofariki tukaenda msibani, turubai limefungwa, jeneza limeshatoka mochwari lipo sebuleni. Akaja mzee wa kanisa na lile daftari kubwa la bahasha. Akalifungua juu ya kiti cha plastiki, akateremka na kidole mpaka akafika kwenye namba ya marehemu, halafu akasema kwa sauti ya chini, ya upole hata, kwamba kwa utaratibu marehemu hakuwa hai kanisani, mchungaji hawezi kuja mpaka deni la ahadi liishe, ni 86,000. Jamaa mmoja akatoa simu alipie kwa M-Pesa palepale yaishe. Binti wa marehemu akamwambia "usilipe kaka, hiyo hela nunua maji, watu wako juani."

Alizikisha mwalimu mstaafu, shati la mikono mifupi, Biblia haina jalada. Tukaimba kwa kichwa kwa sababu wenye kutembea na vitabu ni wanakwaya na wanakwaya tuliambiwa tusiende. Mi nilienda ila sare niliiacha nyumbani, na hilo nalo linanisumbua mpaka leo, kwa nini niliiacha.

Hakuna siku tuliyokaa tukasema tunahama kanisa. Tulianza kukutana jumamosi jioni kwa yule mwalimu, familia moja, mbili, sasa tuko 5. Mtu anasoma, tunaongea, mwenye shida anaisema, tunakula kilichopo. Kuna kopo la maziwa ya unga limetobolewa juu, anayetaka anaweka, hakuna anayeangalia. Mwezi wa 11 huu. Kopo limeshalipa bili ya hospitali ya mtoto wa mwenzetu na ada ya mwingine, na bado lina kama laki saba.

Sasa matatizo. Kwanza kuna ndugu mmoja anataka tuwe na jina, mhuri, akaunti ya benki na fulana, anasema vitu vya Mungu havikai kwenye kopo. Pili binti yangu ana miaka 13, wenzake wote wako mafundisho ya kipaimara, yeye ananiuliza "baba sisi ni dini gani?" Tatu ni mama. Mama yuko Machame. Alipiga simu hakuuliza mafundisho wala nini, aliuliza tu, "baba, na ukifa nani atakuzika?" Nikamwambia mama sisi tunazikwa kihambani, shamba la ukoo, ardhi si ya kanisa. Akanyamaza kidogo akasema "kuchimba shimo kila mtu anajua."

Nikakosa jibu. Waliowahi kupita njia hii naombeni uzoefu, na mnaotaka kunitukana pia karibuni ila mnitukane kwa hoja.

Nguzo_ya_Kweli:

Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine". Hao wengine ndo wewe. Mzee mmoja kakosea na daftari lake unaacha kanisa la Mungu? Karani wa benki akikuletea dharau utaenda kufukia hela shambani? Rudi kundini kaka, utaratibu wa kurudi upo na unaujua.

Kihamba_Migombani:

Mkuu tunakusanyika kila jumamosi, watu 19 na watoto. Na huo mstari uliendelea nao kidogo? Unasema "bali tuonyane". Kule nimekaa miaka 12 sijawahi kuonywa na mtu kitu chochote zaidi ya kukumbushwa bahasha.

mama_wa_sufuria:

Mi mkatoliki, niko Tabata, mwenyekiti wa jumuiya mwaka wa 6 huu, kila nikiomba kupumzika wanapiga makofi wananichagua tena. Kaka nimesoma uzi wako mara mbili.

Hicho unachokitafuta sisi tuliambiwa ndo kanisa lenyewe. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa huku kwetu Afrika Mashariki, walikaa Nairobi 1973 na wakalirudia tena 1976, kwamba kanisa lianzie kwenye jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, watu wanaojuana kwa majina na kwa shida zao, halafu parokia iwe ni hizo jumuiya zimeungana. Sio parokia kwanza halafu jumuiya iwe dirisha lake la kukusanyia. Wazo zuri sana. Njoo sasa jumamosi saa 12 asubuhi uone limekuwaje. Tunakaa dakika 40. Injili inasomwa mbiombio, anayetafakari ni mmoja yuleyule, halafu dakika 25 ni matangazo: mavuno, jengo, seminari, jubilei ya padre, vitenge vya WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki), na nani hajamalizia ya mwaka jana.

Na mtu akitaka kubatizisha mtoto anakuja kwangu nimwandikie barua kwamba anasali jumuiya. Kwa hiyo lile daftari lako la kwenye kiti cha plastiki, mimi hapa ndo daftari. Nimeshakataa kusaini mara mbili. Ya kwanza sijutii. Ya pili alikuwa dada mmoja ambaye jumuiyani hatukumwona miezi, nikamwambia aanze kuhudhuria kwanza. Kumbe anafanya usiku kiwandani, anatoka saa 1 asubuhi sisi tumeshafunga na sala ya mwisho. Hakurudi tena. Nilimtafuta, nikaambiwa kahama, mtoto sijui alibatizwa wapi.

Ila kwenye kuzikwa mama yako yuko sahihi kaka, nisamehe. Nyie wanaume mnafikiri mazishi ni mchungaji na shimo. Mazishi ni nani anajua saa mbili usiku turubai linapatikana kwa nani kwa mkopo. Nani anaenda serikali ya mtaa kufuata kibali asubuhi wakati nyie mnalia. Nani analala chini na mjane siku ya tatu ambapo ndugu wameshaondoka. Nani anashika daftari la rambirambi na mkono wake haujawahi kuteleza. Nani anajua kwamba shemeji wa upande ule na wa upande huu wasikalishwe pamoja. Hiyo haipatikani kwa sala, inapatikana kwa kuzika wengi pamoja, miaka. Sasa nyie mko familia 5. Mmoja kasafiri, mmoja anaumwa, mmoja ndo kafiwa mwenyewe. Wamebaki wawili na sufuria moja.

Bakora_Tatu:

Uzi mreeefu kumbe ishu ni bahasha. Hamtaki kutoa semeni.

Nyumba_ya_Nne:

Nawasalimu nyote kutoka Ruiru, Kenya. Sisi tulianza bila kupenda, nyinyi wa Tanzania mliendelea kuingia kanisa lakini huku kwetu Machi 2020 serikali ilifunga, na yalipofunguliwa Julai ilikuwa ni watu 100, ibada saa moja tu, na kama hujafika miaka 13 ama umepita 58 ukae nyumbani. Sasa cucu wetu, bibi mzee wa hapo chini, alikuwa amepita 58 kitambo sana. Tukasema hatuwezi tuende tumwache, tukaendelea kwa nyumba, manyumba nne kwa zamu. Na nitakwambia ukweli ile miaka miwili nilimjua Mungu na nikajua majirani, zote mbili kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeishi kwa hiyo ploti miaka saba sijui jina la mtu.

Halafu ikakufa. Na haikuuawa na kanisa wala serikali, tuliiua wenyewe, ndio maana naandika.

Hatukuwa na pasta, na tulikuwa tunajivunia sana hiyo kitu, hapa sisi wote ni sawa. Lakini kulikuwa na ndugu mmoja alijua Maandiko kutushinda. So tukibishana tunamwangalia. Baadaye hata tukinunua gesi tunamwangalia. Hakuna siku tulimchagua, na kwa sababu hatukumchagua hakukuwa na siku ya kumtoa. Ukienda kanisa lenye baraza angalau kuna uchaguzi, hata kama ni wa kuiba kura kuna mahali imeandikwa kwamba muhula unaisha. Huyu wetu muhula wake ulikuwa ni kunyamaza kwetu. Akaanza kusema nani asiolewe na nani, ndoto ya nani ni ya kutoka kwa Mungu na ya nani ni ya malaria.

Hapo katikati ikaja Shakahola, 2023. Mlisikia hata huko, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi, watu waliuza mali wakahamia huko na watoto wao wafunge mpaka wafe. Sisi hatukuwa karibu na hiyo hata kidogo, usinielewe vibaya, yetu ilikuwa chapati na chai. Lakini wazee wa Nyumba Kumi walikuja kuuliza hiyo nyumba yenu ya jumapili ni ya nini, na wakati naeleza nilijisikia nikisema "hatuna kiongozi, hatuna mtu juu yetu, hatujulikani popote" na nikaona vile inasikika kwa masikio ya mtu mwingine. Jumapili iliyofuata nilienda nikauliza ndugu yetu swali moja mbele ya watu, kwamba wewe ukikosea nani atakwambia. Alikasirika. Manyumba mbili zikaenda na yeye, na cucu akarudi kwa kanisa lake la zamani kwa sababu anapenda kengele.

So Kihamba, huyo ndugu wa mhuri na fulana anakuchokesha lakini mimi ningemwogopa zaidi yule mwenye hamuoni. Huyo mwalimu wenu mstaafu, kwa mfano. Anakosolewa na nani? Na daftari wekeni, usiliogope. Lakini liwe la pesa imetoka ikaenda wapi, si la nani hajaleta.

Kihamba_Migombani:

Nyumba ya Nne umenigusa pabaya. Mwalimu kweli hakuna anayembishia. Sijawahi hata kuliona hilo mpaka uliposema.

Kafiri_wa_Vitabu:

Mi sio muumini sana ila napenda hizi mambo. Neno kanisa tumelitoa kwenye Kiarabu, na Kiarabu walilitoa kwenye Kiaramu, na huko mzizi wake ni kukusanya, kukusanyika. Jengo limekuja baadaye kukalia neno la watu. Na Paulo mwenyewe anasalimia kanisa lililo nyumbani kwa Priska na Akila, soma Warumi 16, na Filemoni naye alikuwa nalo kwake.

Ila kabla hujashangilia. Kule Syria kwenye mto Frati kuna mji unaitwa Dura-Europos, miaka ya 1930 wachimbaji walikuta nyumba ya Wakristo ya kabla ya mwaka 256, moja ya zile za zamani kabisa zinazojulikana. Nyumba ya kawaida tu ya mtaani. Lakini vyumba viwili walivunja ukuta wa katikati vikawa chumba kimoja kirefu, na chumba kingine wakajenga birika la kubatizia na kuchora michoro ukutani. Yaani hata hao wa nyumbani, tena enzi za mateso kabla ya Konstantino, walifika mahali wakaitana fundi. Ukuta wako wa sebuleni uko salama mkuu?

Mjukuu_wa_Mlokole:

Bukoba hapa. Bibi yangu alikuwa mlokole, wale wa uamsho uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukatufikia sisi. Watu wanasahau kwamba wale walikuwa wameshamaliza huu mjadala wenu. Waliona makanisa yamepoa, watu wanabatizwa kwa mazoea, wachungaji wanakunywa kwa siri. Wengi wao hawakutoka. Jumapili walikaa benchi moja na wale wanaowaita baridi, katikati ya wiki usiku wanakutana majumbani kwa taa ya kibatari, mtu anasimama anataja dhambi yake kwa jina. Bibi alirudisha debe la kahawa aliloiba kwa jirani miaka minne nyuma, alilibeba kichwani mchana kweupe watu wanaona. Hakuna mzee wa kanisa aliyemlazimisha. Na viongozi wakubwa walitoka humo, askofu Kibira aliyekuja kuwa rais wa Walutheri wa dunia nzima 1977 alikuwa mtu wa uamsho huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mguu mmoja ndani mguu mmoja nyumbani.

Ila nisiwapake rangi sana. Huyohuyo bibi alikaa miaka 9 hasemeshani na dada yake wa tumbo moja kwa sababu dada hakuwa ameokoka. Waliishi mashamba yanayopakana.

Mwinjilisti_Mstaafu:

Kihamba mwanangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuziandika. Mimi nilishika lile daftari miaka 22. Sitataja wapi.

Niseme kwanza kuzuia maziko kwa sababu ya ahadi hakuna andiko. Nimelitafuta. Nimekaa na wachungaji wenye shahada wamelitafuta. Kuna utaratibu, na utaratibu nao una historia yake ambayo vijana hamuijui. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kanisa kule kule Kilimanjaro kwa mama yako. Baada ya vita vya kwanza wamisionari Wajerumani wa Leipzig waliondolewa, 1920 hakuna aliyebaki, na vita vya pili tena 1940 wakakamatwa wakapelekwa kizuizini. Mara zote mbili kanisa lilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, watu kama babu, nguo moja na Biblia moja. Alisema miezi mingine mshahara wake ni mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyekuwa na namba. Mnapenda kuniambia kanisa ni taasisi ya wazungu, sawa, lakini wazungu walipoondoka halikufa, lilisalia kwenye vibanda na chini ya miti kwa sababu watu walijua mwalimu akilala njaa kesho hakuna shule wala sala. Mchango ulianzia hapo, kwenye ndizi.

Ndizi ikawa kadi, kadi ikawa bahasha, bahasha ikawa na namba, namba ikawa na ripoti ya kupeleka juu kila robo mwaka. Na mimi mshahara wangu ulitegemea ile ripoti, nikiwa na watoto watano. Yaani mama wa vitumbua alikuwa ananilisha mimi. Sisemi kujitetea. Nataka ujue mkono ulioshika daftari ulikuwa unatetemeka kwa sababu gani.

Nilizika bila ruhusa mara mbili. Niliitwa barazani nikaandika barua ya kuomba radhi. Ya kwanza niliandika kwa machozi. Ya pili nilinakili ya kwanza nikabadilisha tarehe.

Huyo binti usimwache hewani. Mafundisho ya kipaimara ni zaidi ya cheti, ni mwaka mzima anakaa na wenzake wa rika lake wanauliza maswali ambayo wewe baba yake hatakuuliza. Nenda usharika wa jirani uongee na mchungaji ana kwa ana, wapo wanaoelewa, mweleze yote usifiche. Halafu kuna jambo la pili hutalipenda. Umeandika mwenyewe kwamba yule mzee alisema kwa sauti ya chini. Mtu asiyeona aibu anasema kwa sauti ya juu, anataka msiba wote usikie. Nenda kamsalimie.

Nguzo_ya_Kweli:

Mtumishi umeongea vizuri ingawa kwenye kuzika bila ruhusa hapo umefundisha uasi.

Mwinjilisti_Mstaafu:

Ndiyo mwanangu. Nipe mfano wa barua nikuombe radhi.

Bakora_Tatu:

😂😂😂 mzee hana baya

Mpenda_Sheria:

Kwenye ishu ya mhuri haraka haraka. Kusali sebuleni kwako na majirani hakuna anayekudai cheti, uhuru wa kuabudu uko Katiba Ibara ya 19. Ila mkitaka jina, mhuri na akaunti kwa jina hilo mnaingia kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko mtaenda na katiba yenu na orodha ya viongozi. Kwa hiyo mtachagua mwenyekiti, katibu na mhazini, mtaweka kipengele cha ada ya uanachama na kipengele cha mwanachama kukoma uanachama wake. Hongereni, mmeanzisha usharika.

mama_wa_sufuria:

Kipengele cha kukoma uanachama 😂 ndo daftari hilo linazaliwa.

Kihamba_Migombani:

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya, mambo yamekuwa mengi na sio yote mazuri.

Ndugu wa mhuri tulimsomea maneno ya Mpenda Sheria, hakucheka. Jumamosi mbili hajaja, yeye na familia yake. Kwa hiyo tuko 4. Nilimfuata kwake, akanipokea vizuri tu, akasema yuko bize na mradi wa kuku. Nyumba ya Nne naona ulivyosema, haihitaji askofu kuvunjika.

Mwalimu nilimuuliza lile swali, ila sikuwa na ubavu wa kumuuliza mbele ya watu, nilimuuliza tukiwa tunaosha vikombe. Nani anakukosoa wewe? Akafikiri muda mrefu sana, kikombe kimoja alikisuuza mara tatu, akasema "marehemu mke wangu." Tukaishia hapo. Jumamosi iliyofuata alikataa kuongoza, akasema aongoze binti wa mama wa vitumbua, na binti akatusomesha habari ya mjane na senti mbili halafu akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia madhabahuni: kwani Yesu alipomsifia yule mjane, kuna mtu alimrudishia zile senti? Tulibishana mpaka saa tatu usiku. Mi bado sijui.

Kopo limeandikiwa daftari. Kurasa zake ni za kutoka tu.

Mke wangu amerudi jumuiya. Sio ibadani, jumuiya. Alisoma ile komenti ya mama wa sufuria kwenye simu yangu, akakaa kimya, alhamisi akafunga kanga akaenda. Wakamuuliza ulikuwa wapi, akasema nilikuwa nyumbani, wakampa sinia abebe. Sijui tuiteje hii, mguu mmoja ndani huo wa Mjukuu wa Mlokole labda, ila mguu ni wa kwake sio wangu.

Binti ameanza mafundisho usharika wa jirani. Mchungaji wa pale alisikiliza yote, akauliza kitu kimoja tu, kama mtoto mwenyewe anataka.

Na kwa yule mzee nilienda, mwinjilisti. Nilikaa kwake kama dakika 40. Tukaongelea maji ya bomba, tukaongelea bei ya mahindi, tukaongelea mguu wake unaouma. Daftari hakuna aliyelitaja. Wakati naondoka alinichumia mapapai mawili akanisindikiza mpaka barabarani na ule mguu wake, nikamwambia mzee rudi inatosha, hakurudi mpaka nilipopanda bodaboda.

Mama anakuja kutoka Machame ijumaa, kasema anataka kuwaona "hao watu wako" kwa macho yake. Jumamosi ni zamu ya kwangu. Jana usiku kapiga simu kuuliza alete ndizi mikungu mingapi, na kama huwa tunaimba kwa kitabu au kwa kichwa.